Pembe za Mombasa: maswali ambayo wageni hawaachi kutuuliza kuhusu Mapembeni

Ukikaa Mombasa na ukawa na jamaa bara au ng'ambo, huwezi kukwepa kuulizwa habari za zile pembe. Picha yao imezunguka dunia nzima kwenye kadi za posta, kalenda na simu za watu, lakini habari zinazoandamana nayo mara nyingi ni nusunusu. Nimeyaweka hapa maswali niliyoulizwa mara nyingi zaidi. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine nimeyarefusha kwa sababu nayapenda.

Pembe hizi ni kitu gani hasa, na ziko wapi?

Ni pembe nne kubwa za ndovu, za kutengenezwa kwa mikono ya watu, zilizosimama kwenye Moi Avenue katikati ya kisiwa cha Mombasa. Barabara hiyo ndiyo inayounganisha upande wa bandari ya Kilindini na katikati ya mji, nayo ina njia mbili zilizotenganishwa. Juu ya kila njia pana pembe mbili. Zimepandwa kando, moja huku na moja kule, zikapinda kuelekeana hadi ncha zikapishana juu ya magari. Kwa hiyo huzitazami tu ukaenda zako kama sanamu nyingine. Unapita chini yake, na hivyo ndivyo lori la mizigo, tuktuk na mwanafunzi anayerudi nyumbani wanavyofanya kila siku.

Je, ni pembe za kweli?

Hapana. Watoto huuliza hivi, na watu wazima pia, ila wao huuliza kwa sauti ya chini. Pembe ndefu kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa ndovu wa Afrika ilikuwa na urefu wa takriban mita tatu na nusu, na hiyo ilikuwa ajabu ya ajabu. Pembe ya namna hiyo ukiisimamisha Moi Avenue, lori litaing'oa asubuhi ya kwanza. Hizi zetu zimeundwa kwa mabati ya alumini, na ukisogea karibu utaona mishono ambapo bati moja limeungana na jingine.

Pembe za kweli zinazojulikana kuwa nzito kuliko zote zina historia ya pwani pia. Zilitoka kwa ndovu aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, zikauzwa Zanzibar, na leo ziko katika jumba la makumbusho la historia ya viumbe mjini London. Kila moja ilipita kilo 100. Mzigo wa watu kadhaa, kutoka kwa mnyama mmoja.

Zilijengwa lini, na kwa ajili ya nani?

Miaka inayotajwa ni miwili, 1952 na 1956, na ndiyo maana watu hubishana. Pembe za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa mapokezi ya Princess Elizabeth wa Uingereza, Kenya ikiwa bado koloni. Zilikuwa za mbao na turubai, yaani pambo la sherehe la kuwekwa leo na kuondolewa kesho. Mwaka 1956 akaja mdogo wake, Princess Margaret, na ndipo zikapatikana za alumini, za kudumu. Kwa hiyo anayekwambia 1952 na anayekwambia 1956 wote wana kitu mkononi.

Basi Princess Elizabeth alipita chini yake?

Katika safari ile ya 1952, hapana. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote.

Elizabeth na mumewe walitua Nairobi tarehe 1 Februari 1952. Walikuwa wanaanza safari ndefu: Kenya kwanza, kisha washuke Mombasa wapande meli kwenda Ceylon, Australia na New Zealand. Meli yenyewe, Gothic, ilikuwa imekwisha kutia nanga Mombasa ikiwasubiri. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 walilala Treetops, ile hoteli ya juu ya miti huko Nyeri, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo baba yake, Mfalme George VI, akafariki dunia Uingereza. Elizabeth alipanda mtini akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia, na habari yenyewe ilimfikia mchana wakiwa Sagana. Jioni hiyo walirushwa kutoka Nanyuki hadi Entebbe, Uganda, na kutoka huko wakarudi London.

Mombasa haikumwona. Mji ulijipamba, meli ikangoja, mgeni hakuja. Ndiyo sababu sikubali ninapoona imeandikwa kwamba pembe ni kumbukumbu ya "ziara ya Malkia Mombasa mwaka 1952." Zilikuwa maandalizi ya ziara, na ziara haikufika pwani. Miaka 71 baadaye, Novemba 2023, mwanawe, Mfalme Charles III, alikuja Mombasa na kutembelea Fort Jesus na Msikiti wa Mandhry.

Kwa nini ziko nne? Na ile M?

Njia mbili za barabara, jozi mbili za pembe. Ukisimama mbali kidogo, katikati, ukazitazama zote nne kwa pamoja, mikunjo yake inasomeka kama herufi M. Wengi husema M ya Mombasa. Wazee wanaopenda jina la asili la mji husema ni M ya Mvita, na mimi niko upande wao.

Kwa nini pembe za ndovu? Kwa nini si jahazi, au mnazi?

Kwa sababu hakuna bidhaa iliyoitambulisha pwani hii kwa dunia mapema kuliko pembe. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unataja pembe za ndovu zikinunuliwa kwenye masoko ya pwani ya Afrika Mashariki. Karne ya 10, msafiri Al-Masudi aliandika kwamba pembe za nchi ya Wazanji, yaani watu wa pwani hii, zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Karne ya 19 zikawa meno ya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Huko Connecticut kuna mji mdogo ambao mpaka leo jina lake ni Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa sababu viwanda vyake viliishi kwa pembe zilizotoka Zanzibar.

Na pembe hazikuja zenyewe ufukweni. Mombasa ilizipata kwa njia za bara, na miongoni mwa watu walioshika njia hizo ni Wakamba. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, alileta misafara yake hadi pwani kabla ya kuuawa mwaka 1851. Pembe zilibebwa mabegani, siku baada ya siku, kupitia nyika kavu. Waliozibeba hawakujengewa chochote barabarani. Ninapozitazama zile za Moi Avenue mimi huwafikiria wao kwanza, kabla ya wafalme.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi soko lile. Pembe kubwa iliitwa buri, ndogo ikaitwa kalasha. Maneno haya siku hizi utayakuta kwenye kamusi tu, lakini kulikuwa na wakati ambapo asiyeyajua asingeweza kufanya biashara forodhani.

Tena pembe haikuwa bidhaa peke yake. Siwa ya Pate, baragumu lililochongwa kwa pembe za ndovu, ilikuwa alama ya enzi, ikipulizwa kwenye mambo makubwa ya mji. Ukienda Lamu, omba uonyeshwe siwa. Ukirudi Mombasa ukaona pembe zimepinda juu ya barabara, utaona kwamba wazo la kumpokea mkubwa kwa pembe halikuanza na Waingereza.

Pembe, mapembe, ndovu, tembo: tuseme lipi?

Yote yana mahali pake. Pembe ni pembe, moja au nyingi. Kitu kikiwa kikubwa kupita kiasi, Kiswahili hukitia katika ngeli ya ma-, ndipo tukapata mapembe. Ongeza -ni ya mahali, unapata Mapembeni, yaani pale penye mapembe. Kwenye vitabu utaona "Pembe za Mombasa" au "Pembe za Ndovu", lakini mtaani ni Mapembeni.

Kuhusu mnyama, pwani neno la asili ni ndovu. Tembo linaeleweka kote, ila Mvita na Lamu tembo pia ni pombe ya mnazi, kwa hiyo angalia unayezungumza naye.

Si aibu kwamba mji una alama ya ukoloni katikati yake?

Swali zuri, na nalijibu kwa moyo mzito kidogo. Ndiyo, zilisimamishwa na serikali ya kikoloni, kwa heshima ya watu ambao hatukuwachagua. Mwaka uleule wa 1952, mwezi Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na yaliyofuata yanajulikana. Siwezi kuuandika mwaka huo nikajifanya sioni.

Lakini tazama yaliyozipata pembe. Barabara iliyoitwa Kilindini Road ikapewa jina la rais wa pili wa Kenya. Bustani iliyo kando yake ikaitwa Uhuru Gardens. Watu wakaanza kuziita mapembe, wakapaita mahali Mapembeni, wakapafanya pa kushukia, pa kukutania, pa kupigia picha za harusi. Mombasa imekuwa ikiyaita maeneo yake hivi siku zote: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Posta. Kitu kikiwa mbele ya macho ya watu kwa muda mrefu, kinageuka jina, na jina hilo halimtaji tena aliyekileta. Mwulize kijana yeyote stejini Mapembeni pamepewa jina kwa nini, atakuonyesha pembe kwa kidole. Hatakutajia Elizabeth wala Margaret.

Mimi ningependa zibaki. Ningependa pia pawe na maandishi pale, kwa Kiswahili, yanayosimulia historia yote: Gothic iliyongoja, wapagazi, Kivoi, na ndovu wenyewe.

Na ndovu je? Kuzitukuza pembe si kuutukuza ujangili?

Nimeulizwa hivi na vijana kuliko wazee, na nafurahi kwamba wanauliza. Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Uwindaji wa ndovu ulipigwa marufuku mwaka 1973, na uwindaji wa wanyamapori kwa jumla mwaka 1977, lakini majangili hawakuomba leseni.

Mwezi Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, dunia nzima ikitazama, na mwaka huohuo nchi zikakubaliana kuzuia biashara ya pembe kimataifa. Kwa hiyo barabara inayopita chini ya pembe mashuhuri kuliko zote Afrika Mashariki ina jina la mtu aliyechoma pembe. Sijui kama aliyebadilisha jina aliliwaza hilo, maana barabara ilitangulia moto. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105 nyingine, palepale Nairobi.

Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini. Wengi wako Tsavo, mwendo wa saa chache tu kutoka Mapembeni kwa barabara ya Nairobi. Huko ndiko aliishi Satao, ndovu ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, hadi alipouawa kwa mshale wa sumu mwaka 2014. Walioziona pembe zake walisema zilikuwa kama za Mombasa, na walikuwa wakimsifu. Kwangu mimi, pembe za bati ndizo pembe pekee ambazo mtu anaweza kuzifurahia bila kuuliza nani alikufa.

Zimekaaje muda wote huo na chumvi ya bahari?

Alumini haili kutu kama chuma. Ikigusana na hewa hujifunika utando mwembamba mgumu, na utando huo ndio unaoilinda. Chuma kitupu kwenye upepo wa Kilindini hakimalizi miaka mingi, na turubai ya 1952 isingemaliza masika mawili. Kinachozisumbua zaidi pembe ni vumbi, moshi wa magari, matangazo yanayobandikwa chini kwenye mashina, na kunguru, ambao Mombasa hawakosi popote. Kila baada ya muda husafishwa na kupakwa rangi upya.

Nitafikaje?

Ukitoka Likoni, ukishavuka feri unafuata Nyerere Avenue hadi yanapoanza makutano ya Digo Road, kisha unakunja kushoto kuingia Moi Avenue. Kutoka hapo unaweza kutembea. Ukitoka uwanja wa ndege au stesheni ya SGR ya Miritini, unaingia kisiwani kwa Makupa na kupita Mwembe Tayari. Ukiwa Fort Jesus na jua si kali, nenda kwa miguu: fuata Nkrumah Road moja kwa moja, vuka Digo Road, na barabara hiyohiyo itakuwa Moi Avenue. Si zaidi ya nusu saa kwa mwendo wa polepole, na ukichoka, tuktuk ziko kila kona.

Saa gani ni nzuri kwa picha? Naweza kusimama katikati ya barabara?

Moi Avenue inaelekea magharibi ukitokea Fort Jesus. Asubuhi jua linakuwa nyuma yako na pembe zinang'aa mbele. Jioni geuza: simama upande wa bandari utazame mjini. Saa sita mchana picha inatoka bapa, na wewe mwenyewe unatoka umelowa jasho.

Katikati ya njia usisimame. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mama mmoja na watoto wake wawili wakikoswakoswa na matatu wakitafuta picha ya M. Kuna kisiwa cha barabara kati ya njia hizo mbili, simama hapo. Na kumbuka Kenya magari huenda kushoto: wewe unayetoka Burundi, Congo, Oman au Marekani, tazama kulia kwanza kabla ya kukanyaga lami. Asubuhi ya Jumapili magari ni machache kuliko siku yoyote.

Kuna nini karibu?

Uhuru Gardens iko kando tu, na ndani yake pana chemchemi yenye umbo la ramani ya Afrika. Kivuli chake ni msaada mkubwa. Tafuta dafu, ukae. Ukirudi nyuma hadi Digo Road uko Marikiti, soko la tangu 1914, kwenye viungo, matunda na kelele zake. Na ukiendelea na Nkrumah Road unafika Fort Jesus, ngome iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, kisha vichochoro vya Mji wa Kale, ambako jioni utapata kahawa tungu.

Naweza kununua bangili au kinyago cha pembe ya ndovu kama kumbukumbu?

Hapana, na anayekuuzia anakuingiza kwenye matatizo. Biashara ya pembe ni kosa Kenya, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka adhabu kali mno, kwa muuzaji na kwa mwenye kupatikana nayo. Usiseme ni ya zamani, ni ya babu, ni kipande kidogo tu. Nunua kinyago cha mti, kikoi, kofia ya kushona kwa mkono. Mombasa haikosi vitu vizuri.

Kuna sanamu nyingine za namna hii Afrika Mashariki?

Sanamu za barabarani zipo, za kupita chini yake kama hizi sijaona. Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari katikati ya mzunguko wa Mtaa wa Samora, ya shaba, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mombasa tunayo ya ndugu zake, Jomo Kenyatta Avenue, na watu wengi huipita bila kugeuza shingo. Inastahili kugeuziwa shingo.

Dereva wa tuktuk nimwambie nini? Nikisema kwa Kiingereza ataelewa?

Ataelewa. Ila jaribu "nipeleke Mapembeni," kisha mpatane bei kabla hujapanda.